Mpwa wangu kutwa krispi na chipsi, ugali hagusi. Nimkatie hela ya shule au?

fundi_friji_mbagala aliandika:

Wakuu habari za jioni, shikamooni mnaostahili. Naombeni ushauri hasa nyie wenye mabinti wa sekondari maana hili limenizidi kimo.

Nakaa Mbagala na mke wangu na katoto ketu ka miaka mitatu. Mwezi wa kwanza dada yangu wa Njombe akaniletea binti yake asome huku, yuko fomu tu (kidato cha pili), ana miaka 15. Mtoto mwenyewe hana shida, ana adabu, darasani yuko vizuri, shida ni kula. Anatoka saa 11 alfajiri awahi daladala, saa hiyo hata chai haipiti anasema mjomba tumbo bado limelala. Nampa buku mbili na jero, humo humo nauli na kula. Anarudi saa 12 jioni akitoka tuisheni, ukimtengea ugali anaubonyezabonyeza, matonge matatu, nimeshiba mjomba. Nikaanza kuchungulia begi. Jamani lile sio begi ni dampo, mifuko ya krispi, ya ubuyu, zile barafu za juisi ya unga, chupa ya enaji, vijiti vya chipsi. Wikiendi ndo kabisa, anashinda anatafuna, akimaliza hiki anashika kile, hadi mchele akipewa achambue anautafuna mbichi mke wangu anamfokea kwani tutapika nini. Mama yake anashangaa, anasema Njombe alikuwa anamaliza sahani, ugali maharage na parachichi pembeni, leo kaja mjini hata wiki hazijaisha kashakuwa mtu mwingine.

Na miezi hii miwili naona kachoka tu, akirudi anajitupa kwenye kochi na sare zake analala. Mke wangu anasema uvivu, mimi nahisi ni hizo takataka anazokula. Nimewaza nimkatie hela nimpe nauli kamili na hotpoti la wali basi, ila naogopa asije akaanza kununuliwa chipsi na wanaume huko barabarani, mnaijua Dar. Nifanyeje?


mzee_wa_pugu:

Kijana unahangaika bure. Sisi tumesoma miaka ya themanini, nje ya shule mihogo ya kukaanga na pilipili, miwa, embe mbichi na chumvi, tukirudi nyumbani dona. Mbona tupo. Kata hela, mpe hotpoti, akisikia njaa atalifungua mwenyewe.


sio_mbea_ila:

Mzee shikamoo. Ila hapo umejijibu mwenyewe, muhogo, muwa, embe, hivyo vyote vimetoka shambani, sasa utalinganisha na krispi ya mia mbili ambayo ukiigeuza nyuma uone ilivyotengenezwa unakuta maandishi kama mkataba wa benki? Na mlikuwa mnaenda kwa miguu asubuhi na jioni, huyu mtoto anasimama kwenye daladala masaa mawili kashika bomba, akifika anakaa kwenye dawati mpaka jioni. Na hiyo "mbona tupo" mzee wangu anayeisema ni aliyepo, ambaye hayupo hawezi kuandika humu 😂


mzee_wa_pugu:

Marahaba. Haya, hilo la mwisho umenishinda.


kijukuu_cha_bi_mwana:

Mjomba mimi nimemaliza fomu foo juzi tu hapa Temeke kwa hiyo naongea kitu nilichotoka kukiishi. Tafadhali USIMPE HOTPOTI LA WALI. Ukilifungua darasani harufu ya maharage ya jana inazunguka darasa zima, unapewa jina, na jina la fomu tu unamaliza nalo shule. Kuna dada tulimuita Mama Lishe mpaka siku ya mahafali, hotpoti tu, hakuna kingine alichofanya.

Kitu wazazi hamjui ni kwamba pale hatununui chipsi, tunanunua kukaa pamoja. Tuko wanne, kila mtu jero, tunapata sahani ya buku mbili, vijiti vinne, pilipili na tomato nyingi, tunasimama kwenye kivuli tunapiga stori. Asiye na jero leo anakula halafu kesho analeta, hesabu zinakumbukwa kuliko za darasani. Sasa mtoto katoka Njombe mwezi wa kwanza hana rafiki hata mmoja, unadhani marafiki kawapataje? Kwa jero. Ukimkatia ile hela hujamkatia chipsi, umemtoa kwenye kundi.

Na mchango wa chakula cha shule je, mmelipia? Maana kwetu wasiolipiwa saa nane walikuwa wanajifanya wana kazi ya kikundi ili wasionekane hawana sahani. Hata waliolipiwa, makande Jumatatu makande Ijumaa, foleni ndefu, dakika arobaini unasimama thelathini. Kitu kingine ntakisema ingawa ni cha aibu kidogo, wasichana wengi hatunywi maji shuleni tusiende vile vyoo. Unakaa na kiu toka asubuhi, ukitoka getini jambo la kwanza ni soda au barafu. Mtu akiona anasema hawa watoto wanapenda sukari.


fundi_friji_mbagala:

Daah. Mchango wa chakula sijawahi kuulizwa na yeye hajasema. Ngoja nimuulize leo leo.


mama_kachori_getini:

Mimi ndo yule mnaemsema 😄 nakaanga nje ya geti la shule mwaka wa sita huu, sitaji shule gani. Naomba niwaambie kinachotokea pale maana mnalaumu biashara.

Saa nne wakitoka brek nina dakika ishirini, watoto kama mia mbili. Kinachotoka ni kilicho tayari na cha kushika mkononi, kachori, bagia, mihogo, krispi, barafu. Nilishawahi kuleta ndizi mbivu, zilibaki nikarudi nazo nikawapa majirani. Nikaleta mayai ya kuchemsha na kachumbari, wavulana wakayamaliza, wasichana hata mmoja hakugusa, wanaogopa kunuka mdomo na mengine siandiki hapa. Ila nikaleta matango nimeyapasua katikati nikapaka pilipili chumvi na ndimu, aisee dakika tano ndoo nyeupe. Tikitimaji vipande, zinaisha. Embe bolibo mwezi wa kumi na mbili zinaisha kabla ya kachori. Karanga za kuchemsha zenye maganda nazo zinakwenda sana kwa sababu wanagawana na wanarushiana. Kwa hiyo mtoto sio kwamba anachukia cha shambani, anataka kiwe na pilipili kiwe na stori.

Nikiri na dhambi yangu. Mafuta ukiyakaangia Jumatatu mpaka Ijumaa yanakuwa meusi kama ya gari na ndani kuna chengachenga zilizoungua, nilifanya hivyo mwaka wa kwanza maana dumu lilikuwa linapanda bei kila nikienda dukani. Sasa hivi nachuja kila jioni na nabadilisha siku mbili. Mzazi ukitaka kujua mtoto anakula kwa nani usiulize, nenda kaangalie karai. Povu likijaa juu na moshi unatoka kabla muhogo haujaingia, hapo hamna mafuta, kuna masizi.

Halafu fundi, kuhusu mchele mbichi. Wapo mabinti kwangu wanakuja kuniuliza kama nauza pemba, ule udongo. Nawafukuza. Ila ni wengi.


bwana_takwimu:

Niongeze kidogo kwanini krispi haina "nimeshiba". Mwaka 2019 taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, jopo la Kevin Hall, waliwaweka watu 20 ndani kwa mwezi, wiki mbili wanapewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida vya kupikwa, na milo yote imepangwa iwe na sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi sawasawa, halafu wakaambiwa kuleni kiasi mnachotaka. Wakiwa kwenye vya viwandani walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku bila kujijua, na walikuwa wanakula haraka zaidi. Hao ni watu wazima na wanajua wanapimwa. Sasa wewe unategemea fomu tu ale nusu pakiti afunge na mpira aweke begini.


mjomba_wa_ilala:

Fundi dawa rahisi hiyo, binti hana damu. Chukua juisi ya rozela uchanganye na soda nyeusi na maziwa kopo moja, asubuhi na jioni siku saba. Mdogo wangu alipona.


dada_wa_lishe_halmashauri:

Habari zenu. Mimi ni afisa lishe, niko halmashauri moja kanda ya kati, nimesoma uzi mzima nikitegemea mtu ashike ule mstari wa mchele mbichi nikaona mama kachori peke yake ndo kaugusa, na mjomba wa Ilala naye kabahatisha ugonjwa akakosea dawa 😅

Fundi nakujibu kwa urefu kidogo univumilie. Mtoto wa kike wa miaka 15, kashavunja ungo bila shaka, anatafuna mchele mbichi, amechoka, analala na sare. Kabla hujagombana na krispi mpeleke akapimwe wingi wa damu. Hamu ya kutafuna mchele mbichi, barafu, udongo wa pemba, wengine hadi chaki, mara nyingi inaendana na upungufu wa madini chuma, na ukitibiwa ule upungufu wengi hamu yenyewe inaondoka bila kufokewa. Mwambie mkeo kwa upole, huyo mtoto sio mlafi wa mchele. Na sio mtoto wako tu, utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulikuta karibu wanawake 45 kati ya kila 100 wa miaka 15 mpaka 49 hapa nchini wana upungufu wa damu. Tumezoea mpaka tunauita uvivu.

Kwanini mabinti? Umri huu mwili unarefuka na kila mwezi damu inatoka. Makadirio yanayotumika sana ni miligramu 15 za madini chuma kwa siku kwa msichana wa miaka 14 hadi 18, mvulana wa umri huo 11 zinamtosha. Sasa chukua siku ya mpwa wako, alfajiri hamna kitu, saa nne krispi, saa nane labda hamna kitu, saa kumi barafu na chipsi, usiku matonge matatu. Tumbo linajaa ndio, hata uzito unaweza kuongezeka, ila madini chuma humo yako wapi? Mimi sina ugomvi na kitafunwa. Kijana anakua, kula katikati ya milo ni haki yake kabisa, tena anahitaji. Shida ni kwamba kwake hakuna milo, ni katikati tupu.

Mkifika kituo cha afya mwombe FBP, kile kipimo cha picha kamili ya damu, na waangalie malaria, minyoo na selimundu (sikoseli) kama hajawahi kupimwa, kwa sababu damu inapungua kwa njia nyingi. Usinunue vidonge vya kuongeza damu duka la dawa kwa kukisia. Na muulize, au bora mkeo amuulize, siku zake zinakuwaje, zinachukua siku ngapi, pedi ngapi. Najua mjomba ni ngumu ila asipoulizwa hatasema.

Nyumbani kuna kitu kimoja hakigharimu hata mia, chai. Nyumba nyingi za kwetu ugali maharage usiku halafu juu yake chai ya rangi. Majani ya chai yanazuia madini chuma ya maharage na mchicha yasifyonzwe vizuri. Chai inyweni lisaa kabla au lisaa baada, na kwenye chakula weka kitu chenye vitamini C, kamua ndimu kwenye maharage, chungwa pembeni, embe, kachumbari ya nyanya na hoho. Hapo maharage yale yale yanafanya kazi zaidi. Nyama kidogo au maini mara moja kwa wiki ukiweza, dagaa wazima na vichwa vyao, hao wanakupa na kalisi kwa sababu unakula na mifupa, na mtoto wa miaka 15 mifupa ndo inajengwa sasa.

Mjomba wa Ilala, rozela haina ubaya lakini ukiimiminia vikombe viwili vya sukari ukaongeza soda umemtengenezea barafu nyingine tu, na maziwa nayo yanapunguza ufyonzaji wa hayo hayo madini unayoyatafuta. Soda nyingi zina sukari gramu 10 hadi 11 kwenye kila mililita 100. Chupa ya 350 inakaribia gramu 37, vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, kwa anayekula kalori 2,000 ni gramu 50, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Yaani soda moja ishavuka ile 25.

Ile chupa ya enaji ndo imenikereketa zaidi. Kopo dogo la mililita 250 mara nyingi lina kafeini kama miligramu 80, karibu sawa na kikombe cha kahawa, na ukisoma kwa nyuma wenyewe wameandika sio ya watoto. Lakini jiulize anainywa kwanini. Amechoka kwa sababu damu ni ndogo, anakunywa enaji asisinzie tuisheni, usiku usingizi haushiki, alfajiri anaamka mzito hana hamu ya kula. Unakimbiza krispi kumbe mambo yameshikana kama nyuzi za khanga.


bi_rehema_wa_kisauni:

Asalam aleikum kutoka Mombasa. Mie wangu ni wa kiume, ana kumi na nne, na nilipita njia hiyo unayotaka kupita ya kukata pesa, nikusimulie yaliyonipata. Nilimwambia pesa ya brek hakuna, beba chapati na chai kwa thamosi. Wiki tatu nyumba imetulia, kijana mnyenyekevu, nikajisifu kwa mamangu. Siku moja napita dukani mwenye duka ananiita, mama fulani hebu njoo, mwanao ana daftari hapa. Shilingi mia tatu na arobaini za Kenya! Soda, biskuti, smokie, krispi za muhogo za pilipili, mabuyu, yameandikwa na tarehe. Nikalipa na haya zangu.

Tangu hapo nimebadili mchezo. Nyumbani siweki krispi wala soda, si marufuku, ila zikitakikana mtu atoke akanunue, na uvivu wa kutoka ni dawa kubwa kuliko mamake. Mezani wakati wote pana kitu, siku mbaazi zilizobaki asubuhi na hamri moja, siku viazi vya kuchemsha na ukwaju, siku njugu, siku ndizi. Na chakula kimngoje yeye, si yeye akingoje. Akiingia mlangoni kabla hajavua viatu sahani ishatua. Ukimwambia oga kwanza, pika bado, basi dakika hizo kumi ndizo anazojaza tumbo kwa mikate na sukari, kisha unamlaumu hali wali.

Na huyo wa Njombe, je mnapika anachokijua? Ugali wenu wa sembe nyeupe na wa kwao huenda ni vitu viwili. Mtoto ugenini hukosa hamu, nasi twasema kaharibika na mji.


kijukuu_cha_bi_mwana:

Bi Rehema daftari la deni 😂😂😂 kaka yangu huyo


fundi_friji_mbagala:

Nimerudi wakuu, samahani kwa ukimya, ni kama wiki tatu. Niwape mrejesho kwa kirefu maana mmenisaidia.

Kwanza mchango wa chakula ulikuwa haujalipwa toka afike. Tangazo lilitolewa, akaliweka kwenye daftari, hakunipa kwa sababu alisikia mimi na mke wangu tunabishana kuhusu kodi ya nyumba akaona atuongezee mzigo. Mtoto wa miaka 15 anafanya hesabu za nyumba yangu. Nilishindwa kusema kitu, nimelipa.

Pili mke wangu ndo alienda nae kituo cha afya, mimi nilibaki nje na katoto. Damu 9.4, na wakasema umri wake inatakiwa ianzie 12. Malaria hamna, selimundu hana, minyoo walimpa dawa, na vidonge vya madini chuma, atarudi baada ya mwezi wapime tena. Akiwa huko ndani akamwambia mke wangu siku zake zinakaa siku nane na wakati mwingine anakosa shule. Hakuna aliyekuwa anajua. Mke wangu alirudi kimya, usiku akaniambia nimekuwa namfokea mtoto mgonjwa kwa ajili ya mchele. Sasa hivi hao wawili wanachambua mchele pamoja wanacheka, na mchele anautafuna kidogo sana, jana nilimwangalia kwa chati hata mara moja hakupeleka mdomoni.

Chai tumeihamisha, inanywewa saa kumi na mbili akiingia, chakula saa mbili. Mzee wangu mmoja aliyekuja kutembea alikasirika kweli kweli, anasema ugali bila chai ya kushushia ni adhabu, nikampa maji ya ndimu akanitazama kama nimemtukana.

Hela sijakata. Ila nimempa karanga za kuchemsha, kama alivyosema mama kachori, zenye maganda, mfuko mkubwa wa Jumatatu. Siku ya kwanza aliniambia mjomba usinipe nyingi watanicheka, Jumatano akaniambia mjomba zimeisha, wanauliza lini tena. Chipsi wanakula bado, Ijumaa, na mimi nimesema sawa. Enaji nilimuonyesha yale maandishi ya nyuma, akasoma, akasema kumbe. Hilo la enaji sijui kama kaacha au anaficha vizuri, nisiwadanganye.

Alfajiri bado kuna kazi, ila sasa anabeba kiporo cha viazi vitamu au yai kwenye kimfuko anakula akishuka daladala, kabla ya kufika getini ili wasimuone 😄 kijukuu nimekuelewa.

Na dada yangu baada ya kusikia katuma gunia dogo la parachichi kwa basi. Hapo ndo nina swali jipya, zimekuja ngumu kama mawe, nikiziacha naona zitaiva zote siku moja na nyumba ina watu wanne, nazifanyaje?


bi_rehema_wa_kisauni:

Alhamdulillahi. Mpe salamu mkeo, amefanya vyema kurudi nyuma.


mama_kachori_getini:

Zisikutishe. Chukua nne au tano tu uweke kwenye mfuko wa karatasi na ndizi mbivu moja, funga, siku mbili tatu zinalegea. Nyingine ziache mahali pa baridi usizikusanye na matunda mengine, kila zikiisha unaingiza nne tena. Ikishaiva na hujala iweke kwenye friji, si fundi friji wewe. Na kama zimezidi kweli niletee getini, nitazipasua niweke ndimu na pilipili chumvi tuone kama hawajazimaliza kabla ya kengele.


fundi_friji_mbagala:

Friji ya fundi mbovu mama, miezi miwili sasa 😂 naitengeneza Jumamosi.